Hunywi pombe na uko Ufaransa? Agiza diabolo

Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia nyumba ambayo pombe haitajwi hata kwa utani, na sasaivi nipo Marseille nasoma, na kama wanafunzi wengi waliotoka nje nafanya kibarua cha uweita kwenye mgahawa mmoja maeneo ya Cours Julien ili kodi ya chumba ilipwe (viza ya mwanafunzi huku inakuruhusu kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, ukizigawa vizuri zinakupeleka wikiendi na kipande kizuri cha msimu wa joto). Wadogo zetu wanaokuja kusoma wakinipigia simu kuna swali halikosi, "kaka, wenzio wakitoka darasani wanaenda kukaa baa, we unafanyaje?" Nakaa nao, naagiza diabolo, na tunaondoka wote. Ila kila nikijibu hivyo naulizwa tena diabolo ndo nini, na voisi noti zimenichosha, kwaio naandika hapa mara moja niliyojifunza, kama mnywaji na kama mtu anayekibeba kwenye trei.

Ni limonadi na sirapu, basi. Lakini limonadi ya Wafaransa siyo ile ya kukamua ndimu ukatia maji na sukari, hiyo nayo wanayo ila inaletwa kivyake, maji ya limau kwenye glasi, jagi la maji pembeni na sukari pembeni, unachanganya mwenyewe. Limonadi ninayosema ni soda nyeupe ya gesi yenye ladha ya limau kwa mbali, ukoo mmoja na Sprite ila nyingi ni nyepesi zaidi na utamu wake hauvamii. Sirapu ni shira nzito, kama ile tunayomwagia kaimati ila imetiwa ladha ya tunda au jani, na sheria ya huku inataka iwe na sukari asilimia 55 kwenda juu, zile za jamii ya limau na machungwa zinaruhusiwa 50. Unatia sentilita 2 au 3 za sirapu kwenye glasi ya sentilita 25, unajazia limonadi iliyotoka kwenye friji, na hapo ndo rangi inaamka. Ya nanaa ni kijani kibichi kabisa, wenyewe wanaagiza "diabolo menthe", hiyo ndo mfalme. Ya grenadini ni nyekundu. Kuna ya limau, ya stroberi, ya pichi, ya kasis (tunda dogo jeusi la huku) ambayo inaelekea rangi ya zambarau zilizoiva, kuna hadi ya ua la violeti ambalo watu wa Toulouse wanalionea fahari sana. Wafaransa wamekua wakinywa hivi toka miaka ya 1920. Ukichukua sirapu hiyohiyo ukaitia kwenye maji ya kawaida yasiyo na gesi, hapo hujapata diabolo, umepata sirapu ya maji na bei yake inashuka.

Sasa utasema kwani Coca haipo? Ipo, na siku nyingine nakunywa. Lakini kuna kitu unatakiwa ukielewe kuhusu jioni ya Ufaransa, kuanzia kama saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku kabla watu hawajala kuna kipindi kinaitwa apero, watu wanakaa, kuna zeituni na karanga mezani, na kila mtu ana glasi. Hapo ndo urafiki wa huku unapojengwa, siyo darasani, darasani watu wanasalimiana tu na kukimbia. Na wanagonganisha glasi, na wakigonganisha lazima muangaliane machoni, ukiangalia pembeni unaambiwa urudie. Ukiwa na glasi ya maji kuna wazee watakukatalia kabisa kwamba kugonganisha maji ni mkosi, na ukiwa na chupa ya Coca unagonganisha sawa ila unakaa kama mtu anayesubiri basi. Diabolo inakuja kwenye glasi, imechanganywa na mtu wa kaunta kwa ajili yako, ina rangi, ina barafu, na kabla haijaja umeulizwa "ya nini?" na we umechagua. Sijui nielezeje, unakua mteja kamili. Hakuna anayekuuliza kwanini hunywi. Mwaka wangu wa kwanza nilikua najiandaa na majibu ya dini, sijui afya, na sikuwahi kuyatumia hata mara moja kwenye meza ambayo nimekaa na glasi ya kijani mbele yangu.

Na siyo bahati, hiki kitu kina mizizi. Wauza limonadi wa Paris walikua na chama chao rasmi cha ufundi tangu 1676 enzi za mfalme Louis XIV, limonadi ya wakati huo ilikua haina gesi bado, ilikua limau, maji na sukari, na hao hao ndo waliouza pia kahawa na likeu, yani pombe za kutiwa sukari. Miaka 10 baadae, 1686, Mtaliano Francesco Procopio dei Coltelli akafungua Procope, mgahawa ambao mpaka leo unatajwa kama wa zamani kuliko yote Paris. Maana yake ni kwamba limonadi ilikua imeshakaa kwenye kiti kabla hata mgahawa wenyewe haujapangwa viti. Gesi ilikuja karne iliyofuata, Schweppe, yule wa soda za Schweppes, alianza kuuza maji ya gesi kule Geneva mwaka 1783, na sirapu nazo zina viwanda vya zamani ajabu, Teisseire wa Grenoble wanahesabu tangu 1720, Monin wa Bourges tangu 1912.

Hata serikali imeingilia. Kuna kifungu cha sheria ya afya ya huku kinachosema kila sehemu inayouza vinywaji lazima ipange mahali pa kuonekana vinywaji visivyo na pombe, chupa au vyombo visivyopungua 10, na aina zimetajwa moja moja, juisi, soda, maji, na ndani ya orodha hiyo limonadi imetajwa kwa jina lake na sirapu kwa jina lake. Yani sheria imekuwekea malighafi zote mbili za diabolo kwenye shelfu. Na kifungu hichohicho kinasema mgahawa ukiwa na saa za punguzo la bei kwa pombe, lazima na vinywaji visivyo na pombe vipungue. Hii waambie wadogo zenu, manake wengi wanalipa bei kamili ya diabolo saa ambayo meza nzima inakunywa bia ya nusu bei. Uliza tu kwa adabu, "na visivyo na pombe?", weita anajua.

Haya, sasa sehemu ambayo kwangu ndo kubwa kuliko zote, na kama husomi kingine soma hii. Rangi zinadanganya. Kaunta ya Mfaransa ina vinywaji vinavyofanana na diabolo kwa macho lakini ndani kuna pombe, na vingi vimetumia sirapu ileile kutoka chupa ileile. Monaco ni bia na limonadi na sirapu ya grenadini, ukiiweka karibu na diabolo ya grenadini kwenye mwanga hafifu unatofautisha kwa povu tu. Panashe ni bia na limonadi, haina rangi ya kutisha, mtu anaweza kukwambia "hii ni nyepesi, ni kama limonadi" na ni kweli ni nyepesi lakini ni bia. Tango ni bia na grenadini. Alafu hapa Marseille ndo nyumbani kwa pastis, kile kinywaji cha anisi (mbegu za viungo zenye harufu kali) ambacho kina pombe asilimia 45 na kinageuka maziwa ukitia maji, wakiongeza sirapu ya grenadini wanaita tomate, wakiongeza ya nanaa wanaita perroquet, wakiongeza ya lozi wanaita mauresque. Perroquet ni kijani. Umeona? Kijani. Ila siyo angavu, ina ukungu, haipitishi mwanga, na harufu yake ya anisi inafika kabla ya glasi, ile harufu ya pipi za zamani.

Kuna mtego mwingine wa kasis. Sirapu ya kasis haina pombe, lakini kuna krimu ya kasis ambayo ni likeu, ina pombe, na ndo inayotiwa kwenye divai nyeupe kupata kir. Chupa zinakaa jirani, rangi moja, na lebo zote zina picha ya tunda. Weita mzoefu hakosei, lakini kijana wa msimu aliyeajiriwa Julai mgahawa umejaa na upepo wa mistrali unapeperusha bili, mi nisingemuwekea dhamana. Kwaio nikienda mahali nisipopajua naagiza kwa sentensi ndefu kidogo, nasema diabolo ya kasis, ya sirapu, bila pombe. Inachukua sekunde. Hakuna aliyewahi kunikasirikia. Na kuna likeu ya nanaa pia, kijani vilevile, chupa yake ukiiona kwenye shelfu unaweza kudhani ndo sirapu. Ukiwa na wasiwasi na kilicholetwa usionje kwanza ndo uulize, uliza kwanza, huku mtu kuuliza kilichomo kwenye glasi ni kawaida kabisa kwasababu ya watu wenye aleji.

Pesa. Bei lazima ziwe zimebandikwa nje na ndani, na mgahawa unaweza kua na bei tofauti kwa anayesimama kaunta, anayekaa ndani na anayekaa meza za nje, hii nayo inawachoma wageni wengi. Ukisimama kaunta unalipa kidogo. Kwetu diabolo meza za nje ni euro 3 na nusu, sirapu ya maji ni 2 na senti kadhaa. Lakini kwa hela hiyo umenunua kiti, hakuna mtu atakayekuja kukwambia umalize uondoke, kuna wanafunzi wa sekondari wanakuja kwetu wanne, diabolo nne, wanamaliza mazoezi yote ya hesabu na bado barafu imebaki maji kwenye glasi na hakuna anayewagusa. Mi mwenyewe mitihani nimesomea hivyo. Kwa mwanafunzi ambaye chumba chake ni mita za mraba 9 hiyo siyo anasa.

Na ukitaka kujua kwanini mabosi hawakunji sura ukiagiza diabolo, piga hesabu nami. Chupa ya sirapu ya sentilita 70 ukitia 2 kwa kila glasi unapata glasi 35. Limonadi ya lita moja na nusu ni kitu rahisi kuliko karibu kila kitu kwenye stoo. Kodi ya VAT kwenye kinywaji kisicho na pombe kinachonyweka hapo hapo ni asilimia 10 wakati pombe ni 20. Jumlisha mwenyewe. Bosi wetu mtu akiagiza bia ya bei kubwa anasema vizuri, mtoto akiagiza diabolo anatabasamu, na siyo kwasababu anapenda watoto.

Watoto ndo wenye diabolo lakini, tusidanganyane. Ukitaka kumuona Mfaransa anavyofundwa kukaa mgahawani njoo Jumatano mchana, shule nyingi za msingi hazina vipindi mchana huo, na bibi na babu wanaleta wajukuu. Mtoto wa miaka sita anakaa wima, namwangalia bibi yake nipate oda na bibi ananionyesha kwa jicho nimuulize mwenyewe, basi namuuliza na yeye anafikiri kama anasaini mkataba, alafu anasema grenadini, tafadhali bwana. Ukimletea anasema asante bila kusukumwa. Nimeona watu wazima wa kwetu na wa kwao wasiofikia nusu ya adabu ile. Hapo ndo nilielewa kwanini jioni ile hakuna anayeshangaa diabolo yangu, kila mtu pale mezani alianzia hapo, nimeshika glasi ambayo wote waliwahi kuishika wakiwa miguu haifiki chini.

Wapo wanaocheka, sikatai. Kuna mzee mmoja wa kaunta, mfanyakazi mwenzangu, kila nikijitengenezea yangu baada ya zamu ananiuliza kama mama anajua niko nje mpaka saa hizi. Namjibu mama ndo kanituma. Kumkasirikia mtu kwa utani huo ni kujiharibia, na mwisho wa siku ukimuangalia vizuri yeye mwenyewe alishaacha sigara na anatafuna mapipi ya nanaa kutwa.

Tuna mteja pia, mzee aliyestaafu kazi za bandarini, alikua mtu wa pastis miaka yote mpaka daktari akamwambia achague. Akachagua. Anakuja asubuhi muda uleule, anakaa na wenzake walewale kwenye karata zilezile, na anataka diabolo ya nanaa kwenye ile glasi nyembamba ndefu ya pastis, siyo glasi ya soda, ukimletea kwenye glasi ya soda anairudisha. Wenzake wanamwambia anakunywa dawa ya mswaki. Anawaambia angalau yeye ana meno. Yule mzee ndo aliyenifungua macho kwamba hiki siyo kinywaji cha watoto na Waislamu peke yetu, wajawazito wanaagiza, madereva wanaagiza, watu walioacha pombe wanaagiza sana kuliko unavyofikiri, na weita mwenye akili hatangazi oda ya mtu kwa sauti anapoishusha mezani. Anaishusha tu.

Turudi kwenye ladha. Nanaa kwa watu wa kwetu inataka moyo siku ya kwanza, tumeizoea kwenye chai na kwenye mswaki, kuinywa baridi na gesi ni habari nyingine. Ipe nafasi kwenye joto la Julai, ikiwa digrii 34 na jiwe la barabara linarudisha moto, hakuna kinachokata kiu namna ile. Ile rangi ya kijani imetiwa, majani ya nanaa hayatoi kijani cha taa ya barabarani, kuna sirapu za nanaa zisizo na rangi kabisa na ladha ni ileile, ila watu hawazitaki, wanasema siyo yenyewe. Grenadini nayo zamani ilikua komamanga, sasaivi nyingi za kawaida ni mchanganyiko wa matunda mekundu madogo madogo na vanila, soma nyuma ya chupa utaona rasiberi, stroberi, kasis, komamanga ukilitafuta hulioni. Ukitaka komamanga la kweli tafuta chupa ghali au kula komamanga lenyewe.

Sukari ipo nyingi, lazima niseme. Sentilita 2 na nusu za sirapu peke yake ni kama gramu 17 mpaka 20 za sukari na hapo limonadi haijaingia, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza uishie kama gramu 25 kwa siku. Ufaransa wenyewe wameliona hilo tatizo la vinywaji vitamu, walianza kutoza soda kodi mwaka 2012, wakaigeuza 2018 ipande kulingana na sukari iliyomo, na mwaka 2017 wakapiga marufuku zile mashine za kujazia soda bure bila kikomo. Mi mbinu yangu ni kuomba sirapu kidogo, wanakuwekea nusu ya kipimo bila neno, na kinywaji kinakua kizuri zaidi kwa kweli, unausikia na ulimau wa limonadi.

Ramadhani hapa Marseille ni kitu kingine. Mji una Wangazija wengi sana, na ukiwa unaongea Kiswahili nao wakaongea Kingazija mnaelewana nusu nusu na iliyobaki mnamalizia kwa Kifaransa, kwaio mwanafunzi wa Tanga hafuturu peke yake hata akitaka. Kwenye futari za nyumba nilizokaribishwa sirapu haikosi mezani, grenadini kwenye maziwa kwa watoto, nanaa kwenye maji kwa wakubwa. Na limonadi yenyewe wengi hawanunui ya Kifaransa, wanashuka Noailles kwenye maduka ya Waarabu wanachukua Hamoud Boualem, limonadi nyeupe ya Algeria, kampuni ya mwaka 1878 ya Algiers. Hiyo ukiitia grenadini, jamani. Ina utamu zaidi kwahiyo sirapu weka kwa mkono wa bahili. Kwa ladha yangu hiyo ndo diabolo nzuri kuliko zote nilizokunywa nchi hii na imetengenezwa kwa chupa ya Algiers kwenye sebule ya Wangazija, Wafaransa wa kazini nikiwaambia wananung'unika.

Nilipoenda likizo Tanga nilibeba makopo mawili ya bati ya sirapu, Teisseire wanauza kwenye bati, hayavunjiki, weka kwenye begi la kuingia chini ya ndege kwasababu la mkononi watakunyang'anya. Sprite ya dukani ilifanya kazi vizuri kabisa. Watoto wa dada walimaliza kopo la grenadini kabla sijafungua begi la pili, shangazi mwenye kisukari aliambiwa aangalie tu na aliangalia kwa uchungu, na mama alinusa ya nanaa akaniuliza kama tumbo linanisumbua huko Ulaya. Baadae nikamkuta anaitia kwenye chai.

Lakini kubeba mabati siyo lazima. Rozela tunayo. Chemsha maua makavu yatoe rangi nzito, chuja, kwa kila nusu lita ya maji hayo tia sukari kilo moja, rudisha motoni kidogo mpaka sukari iyeyuke yote, poza, weka kwenye chupa safi ndani ya friji. Ukwaju pia unakubali ila uchuje mara mbili, nyuzi zake zikikutana na gesi zinapanda juu na zinachafua glasi. Shira yako tia kidogo jazia Sprite au Krest baridi, na ile ya rozela kwa macho huwezi kuitofautisha na grenadini ya kaunta yetu.

Kitu kimoja cha kazini ambacho hakuna aliyeniambia kabla: nyigu. Mwezi wa nane meza za nje nyigu wanafuata sirapu, wanaingia kwenye glasi, na mtoto akinywa bila kuangalia anaumwa mdomoni. Kwaio ukikaa nje ukaletewa diabolo na kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi, usikiache mezani, kifunike juu ya glasi. Na pampu za chupa za sirapu zioshwe kwa maji ya moto kila usiku, zisipooshwe asubuhi zimeganda na zinatoa kipimo cha uongo, leo kidogo kesho nyingi, wateja wa kila siku wanajua papo hapo.

Kuhusu kipi kinatangulia kwenye glasi, hapo mimi na kaka mmoja Mngazija ninayefanya naye zamu hatujawahi kukubaliana. Mi naweka sirapu kwanza, limonadi inashuka juu yake inaichanganya yenyewe, huhitaji kijiko na gesi haipotei. Yeye anaweka limonadi kwanza, barafu, alafu anaimwaga sirapu taratibu juu, inazama mpaka chini kwasababu ni nzito, unapata glasi nyeupe juu na kijani chini, anampa mteja na mrija achanganye mwenyewe. Anasema mteja anayelipa euro 3 na nusu lazima aone kitu. Nakubali inapendeza. Lakini povu linapanda, sirapu inabaki ukutani mwa glasi, na nusu ya wateja hawachanganyi, wanavuta kwa mrija shira tupu alafu wanalalamika ni tamu mno. "Mdogo wangu," ananiambia, "hao ndo wanaagiza na maji." Na kweli wanaagiza maji, ila maji ya jagi huku ni bure.